Nani hukuza uchumi wa mkoa? Tuifuate korosho ya Mtwara kutoka ghalani hadi melini

Ukifika kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika kule Tandahimba au Newala mwezi Oktoba, utamkuta mkulima amekaa juu ya gunia lake akisubiri mizani. Karani anachota korosho chache, anazipasua, anatazama kama punje ni nyeupe au imeshaingia madoa, kisha anaandika daraja. Gunia linapimwa, mkulima anapewa stakabadhi, anarudi nyumbani na karatasi. Fedha zitakuja baada ya mnada. Kati ya karatasi ile na fedha zile wamo watu wengi: mwenye ghala, chama kikuu cha ushirika, mnunuzi na benki yake, halmashauri inayosubiri ushuru, dereva wa lori, wakala wa meli. Mmoja wao akikwama, wote wanakwama, na duka la nguo pale Masasi mjini halitauza kitu wiki hiyo.

Katika mafunzo yetu kwa madiwani na watendaji wa halmashauri kuna swali halikosekani: kiongozi wa mkoa anakuzaje uchumi, ilhali hana kiwanda, hana benki, na bajeti yenyewe imepangwa kwingine? Huwa najibu kwamba aanze na mzigo uliopo. Mwekezaji mpya hupigiwa picha na kukatiwa utepe, lakini mzigo uliolala ghalani kwa sababu magunia yamechelewa haupigwi picha na mtu, na huo ndio unaoamua kama mkoa utakuwa na fedha mwaka huu.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu nani ni nani, maana wananchi wengi huchanganya. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais. Diwani anachaguliwa na wananchi wa kata yake, na madiwani ndio humchagua mwenyekiti wa halmashauri. Mkurugenzi ni mtumishi wa kuteuliwa, naye ndiye msimamizi wa fedha. Mkoa wa Mtwara una halmashauri 9, kila moja na baraza lake la madiwani na jicho lake kwenye ushuru. Upande wa biashara wapo wenye viwanda na wafanyabiashara kupitia chemba yao, TCCIA, iliyoanzishwa mwaka 1988, na wapo wakulima kupitia vyama vya ushirika. Mahali rasmi pa makundi haya kukutana hapakuwepo mpaka mwaka 2001, lilipoundwa Baraza la Taifa la Biashara kwa waraka wa Rais. Baraza hilo huongozwa na Rais mwenyewe, na chini yake yako mabaraza ya mikoa yanayoongozwa na wakuu wa mikoa, na ya wilaya yanayoongozwa na wakuu wa wilaya. Wengi wetu hatujui kwamba wilaya yetu ina baraza la namna hiyo. Hilo peke yake linasema kitu.

Sasa tuingie kwenye fedha. Hadi mwaka 2017 halmashauri zilitoza ushuru wa mazao wa hadi asilimia 5 ya bei ya shambani. Mwaka huo sheria ikashusha: asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mazao yasiyozidi tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaachwa apite. Chukua kilo moja ya korosho iliyouzwa shilingi 3,000. Asilimia 3 yake ni shilingi 90. Zikiuzwa tani 30,000 kutoka halmashauri moja, hizo ni shilingi bilioni 2.7. Ndiyo maana mwenyekiti wa halmashauri anaijua bei ya mnada kuliko anavyojua matokeo ya mpira.

Kisheria ushuru huo hulipwa na mnunuzi, si mkulima. Lakini mnunuzi naye ana hesabu zake, na anapoandika bei ya mnada ameshatoa kila atakachodaiwa njiani. Kwa hiyo kila tozo inayoongezwa, iwe ya halmashauri, ya ghala au ya ushirika, inarudi kimyakimya hadi kwenye gunia la yule aliyekaa juu yake. Diwani anayelielewa hili hapitishi tozo kwa kuangalia makisio ya mapato peke yake. Anauliza kwanza: bei ya jirani yetu ni ngapi, na lori likipita upande wa pili tutabaki na nini?

Mwaka 2018 ulitufundisha kwa gharama. Kabla ya hapo, asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi ilirudi kuendeleza zao lenyewe: utafiti, miche, na hasa dawa. Mkorosho bila dawa ya salfa ni mkorosho wa ugonjwa wa ubwiriunga. Maua yanageuka vumbi jeupe na hakuna cha kuokota. Juni 2018 sheria ilibadilishwa, fedha zote zikaenda Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walisimama bungeni kulipinga, wakashindwa. Novemba mwaka huohuo wanunuzi na serikali wakashindana juu ya bei, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kubeba. Uzalishaji wa nchi, uliofika takribani tani 313,000 msimu wa 2017/18, ukashuka hadi kama tani 225,000 msimu uliofuata, na msimu wa 2020/21 ukawa karibu tani 210,000.

Sitaki kudai kwamba sheria ile peke yake ndiyo iliyoangusha zao. Mvua nazo zina neno lake. Ila mfuatano huo unaonesha jambo ambalo wachumi wa vitabuni hulipitia haraka: mnunuzi, mkulima na serikali wakishaacha kuaminiana, hata bei nzuri haitoshi. Pembejeo ziliporudi kugawiwa kwa ruzuku, na mnada ulipohamia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa msimu wa 2024/25, bei ilivuka shilingi 4,000 kwenye minada ya mwanzo na uzalishaji ukapita tani 500,000. Mikorosho ilikuwa ileile, na wakulima walewale.

Lipo pia suala la kangomba, yaani kununuliwa korosho kijijini nje ya mfumo wa ghala na mnada, mara nyingi zingali mtini, kwa bei ya shida. Kila mwaka viongozi hutangaza kuwakamata wanaonunua. Binafsi naona tunamkimbiza nyoka kwa kushika mkia. Mama anayeuza kangomba mwezi Agosti anauza kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare, na stakabadhi ya Oktoba hainunui sare Agosti. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebishwa utaratibu, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Ikitolewa Agosti kwa kikundi cha wanawake wa kijiji kinacholima korosho, itafanya kazi kubwa kuliko ikitolewa Februari kwa sherehe.

Turudi njiani, kwenye lori. Mtwara ina bandari yenye kina kirefu cha asili, iliyojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Karanga hazikuota kama walivyotarajia Waingereza, reli ikang'olewa, bandari ikabaki. Kwa miaka mingi korosho nyingi za kusini zilipakiwa malori zikasafiri zaidi ya kilometa 550 hadi Dar es Salaam, zikipita mbele ya bandari iliyokuwa imelala. Wananchi waliona, wakalalamika, viongozi wa mkoa na wabunge wakalibeba. Gati jipya la mita 300 likajengwa, na serikali ikaelekeza korosho za kusini zipitie Mtwara.

Hapa ndipo wengi hudhani kazi imekwisha. Meli haiji kwa barua ya mkuu wa mkoa. Wakala wa meli anataka kujua makasha matupu yatatoka wapi, yataletwa na mzigo gani, na baada ya korosho kuisha Januari meli itabeba nini. Mfanyabiashara wa saruji, wa makaa ya mawe ya Ruvuma na wa korosho wanategemeana bila kujuana. Makaa yamesaidia bandari isilale nje ya msimu. Lakini makaa yana vumbi, na korosho ni chakula. Ndiyo sababu likaja wazo la bandari ya mizigo michafu Kisiwa Mgao. Suala kama hilo halimalizwi na hotuba. Linahitaji mtu wa makaa na mtu wa korosho wakae meza moja, kila mmoja na takwimu zake za tani kwa mwezi, na kiongozi mwenye subira ya kuwasikiliza wote wawili.

Subira hiyo ikikosekana, gharama yake Mtwara inajulikana. Mwaka 2013 wananchi waliandamana kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, na Mei mwaka huo vurugu ziligharimu maisha ya watu. Wapo waliosema wananchi hawakuelewa mradi. Huenda. Lakini hawakuwa na kikao walichokiamini ambamo swali lao rahisi, sisi tutabaki na nini, lingejibiwa mapema na mtu wanayemfahamu.

Niliwahi kualikwa kwenye kikao cha baraza la biashara katika mkoa mmoja, si Mtwara. Kilianza saa nne badala ya saa tatu. Utambulisho ulichukua saa nzima, salamu za wageni saa nyingine. Mwenye maghala mmoja, mzee mwenye faili lililochakaa pembeni, alikuwa na hoja moja: malori yanazuiwa kuingia mjini mchana, na usiku mizani imefungwa. Hoja yake iliwekwa kwenye "mengineyo". Ilipofika zamu ya mengineyo, chakula kilikuwa tayari. Muhtasari wa kikao kilichofuata ulisomeka "yatokanayo: hakuna".

Mwananchi anaweza kupima baraza lake kwa jambo moja dogo: yatokanayo, yaani taarifa ya yale yaliyoachwa na kikao kilichopita. Omba kujua kero ya kikao kilichopita ilipewa nani, hadi lini, na imefika wapi. Diwani wako ana haki ya kuliuliza hilo kwenye baraza la madiwani, na vikao vya baraza hilo viko wazi kwa wananchi kusikiliza.

Jambo jingine ni tarehe. Kwa mkoa wa korosho, kikao cha Novemba ni cha kulaumiana. Kikao chenye faida ni cha Julai, mikorosho ikiwa kwenye maua. Hapo bado unaweza kuhesabu magunia yaliyopo na yaliyo njiani, kukubaliana na wakala wa meli juu ya makasha, kuuliza benki fedha za wakulima zitatoka ndani ya siku ngapi baada ya mnada, na kumuuliza mbanguaji atahitaji tani ngapi kabla ghafi haijaondoka kwenda India na Vietnam. Swali hilo la mwisho lina uzito wake, maana kongani, yaani eneo la pamoja, ya viwanda vya kubangua korosho inaandaliwa Maranje, mkoani Mtwara, na mbanguaji asiyejua Julai atapata mzigo gani hawezi kuajiri mtu Oktoba.