Ndege wa Sura Mbili, Kuvumwani ya Sura Moja

Wengi hudhani kwamba jina la kisayansi la ndege na lile la kuvumwani, ambayo huota kwenye magome ya miti na wengine huiita likeni, hutaja vitu vya namna moja, kwa kuwa yote mawili ni maneno mawili ya Kilatini. Tukilinganisha spishi mbili za kwetu, tutaona jinsi jicho linavyoweza kutudanganya.

Anayemwona leo dume la ndege aitwaye Terpsiphone viridis lenye mgongo na mkia mrefu wa hudhurungi, kisha kesho akakutana na jingine lenye mkia mweupe pepe, aghalabu huamini ameona ndege wa aina mbili. Hao ni spishi moja, na madume wa sura zote mbili hupatikana Kenya.

Kwa Roccella montagnei kosa hugeuka. Kuvumwani hii, malele ya wafanyabiashara wa pwani, huning'inia kwenye miti kama tepe za kijivu, na katika karne ya 19 malele yalisafirishwa kutoka Zanzibar hadi Ulaya kutengenezea rangi ya zambarau. Huonekana kama mmea mmoja, kumbe mwili wake umejengwa na kuvu, na katikati ya nyuzi za kuvu huyo zimo seli za mwani wa jenasi ya Trentepohlia zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Simon Schwendener wa Uswisi alipoeleza mwaka 1867 kwamba kuvumwani ni muungano wa viumbe wawili, wataalamu wenzake wengi walimpinga vikali. Hadi leo jina Roccella montagnei ni la kuvu peke yake. Mwani una jina lake. Neno letu kuvumwani, kwa maoni yangu, ni aminifu zaidi, kwani linawataja wote wawili.

Si kweli pia kwamba kuvumwani huunyonya mti hadi ukauke: haina mizizi, hujishikiza tu kwenye gome.

Wala ndege huyu habebi kuvumwani ili aile. Kiota chake ni kikombe kidogo kwenye panda ya tawi jembamba, kimefungwa kwa utando wa buibui na kubandikwa nje vipande vya kuvumwani, hata kikafanana na kinundu cha gome. Kila yai humo lina ndege mmoja. Kila kipande cha nje kina kuvu na mwani wake.