Bima ya SHA kwa Asiye na Mshahara: Hesabu za Mwenye Biashara Ndogo

Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo mjini Mombasa, Kenya: wauza mitumba wa Kongowea, mafundi cherehani, wenye vibanda vya vyakula na wachache walio na maduka ya vifaa vya ujenzi. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya hospitali, swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi si la kodi tena. Ni hili: mtu asiye na mwajiri alipe mchango kiasi gani, aulipe lini, na autoe katika pesa za nyumbani au za biashara? Maoni yangu ni kwamba wengi wanalalamikia kiasi cha mchango, ilhali kinachowaumiza zaidi ni namna na wakati wa kuulipa.

Tuanze na sheria. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, pamoja na kanuni zake za mwaka 2024, inamtaka mwajiriwa achange asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato, kila mwezi, bila kiwango cha juu. Asiyeajiriwa naye anatozwa asilimia hiyo hiyo, ila inapigwa juu ya mapato ya kaya yake kama yalivyokadiriwa katika tathmini, na hakuna anayelipa chini ya Sh300 kwa mwezi. Tofauti kubwa ni kwamba mwajiriwa anakatwa kila mwezi, naye asiyeajiriwa anatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo.

Tuchukue mfanyabiashara ambaye faida yake, baada ya kulipa kodi ya kibanda, mzigo na usafiri, ni Sh25,000 kwa mwezi. Asilimia 2.75 ya kiasi hicho ni Sh687.50, na kwa mwaka ni Sh8,250. Enzi za NHIF mtu kama huyu alilipa Sh500 kwa mwezi, yaani Sh6,000 kwa mwaka. Nyongeza yake haifiki Sh200 kwa mwezi. Ukiendelea na hesabu hiyo utaona kwamba kila ambaye mapato ya kaya yake yamekadiriwa chini ya Sh18,181 hivi kwa mwezi analipa pungufu ya alivyokuwa akilipa NHIF, na aliye chini ya takriban Sh10,900 anaangukia kwenye kile kiwango cha chini cha Sh3,600 kwa mwaka. Kwa hiyo ninapomsikia mteja akisema kwamba SHA imemfilisi, huwa namwomba kwanza anionyeshe amekadiriwa kiasi gani. Mara nyingi kiasi chenyewe kinabebeka. Kisichobebeka ni kutoa Sh8,250 kwa siku moja kutoka katika mtaji unaozunguka, wakati bale inayofuata inasubiri kulipiwa.

Hapo kwenye kukadiriwa ndipo penye utata. Tathmini hiyo haiulizi tu unapata kiasi gani. Inauliza nyumba imeezekwa kwa nini, kuta na sakafu ni za nini, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, maji mnayatoa wapi, na kutokana na majibu hayo inakisia mapato ya kaya. Kwa mkulima asiyeweka kumbukumbu zozote, njia hiyo ina mantiki yake. Kwa mfanyabiashara ina kasoro ya wazi, kwa sababu nyumba haisemi deni la mtaji. Aliyejenga nyumba ya matofali na sakafu ya vigae miaka ambayo biashara ilikuwa nzuri, na leo anadaiwa na chama cha akiba, na benki na muuzaji wa jumla, anaweza kukadiriwa juu kuliko jirani anayepanga chumba kimoja huku mauzo yake ni maradufu.

Ninachowashauri wateja ni kujaza majibu wenyewe, kwa kupiga *147# au kupitia tovuti ya Afya Yangu, badala ya kumwachia kijana wa saiba, yaani duka la intaneti, ambaye ana foleni nyuma yake na anabonyeza jibu lolote mradi ukurasa uende mbele. Nimewahi kukagua fomu ya fundi cherehani mmoja nikakuta amewekewa choo cha kuvuta maji na jiko la umeme, vitu ambavyo hana. Majibu yawe ya kweli, kwani kudanganya ili ukadiriwe chini ni kosa, lakini yawe yako. Ukiona kiasi ulichopangiwa hakilingani kabisa na hali yako, omba tathmini irudiwe, na uende na daftari la mauzo, taarifa ya M-Pesa ya miezi kadhaa na hati za madeni. Mwenye daftari husikilizwa haraka kuliko mwenye malalamiko.

Baada ya kiasi kujulikana, kinachobaki ni kukiweka mahali pake katika vitabu. Mimi huuandika mchango wa SHA katika orodha moja na kodi ya kibanda na leseni ya kaunti, ingawa kwa kanuni za uhasibu ni gharama ya mwenye biashara binafsi na si ya biashara. Sababu yangu ni ya kiutendaji: gharama inayochukuliwa kuwa ya nyumbani husubiri kibaki cha mwisho wa mwezi, na kibaki hicho hakipatikani. Sh8,250 ukizigawa kwa siku 300 za kazi ni Sh27.50. Tenga Sh30 kila jioni unapofunga hesabu, uzitume kwenye akaunti ya akiba ambayo haifunguki kabla ya muda, na mwaka ukiisha mchango uko tayari na chenji imebaki.

Vilevile chagua mwezi. Tarehe unayolipa leo ndiyo itakayokurudia mwakani, na kanuni zinataka malipo mapya yafanywe siku 14 kabla ya yale ya zamani kumalizika. Fundi anayeshona sare za shule ana pesa Desemba na Januari, kipindi ambacho mwenzake muuza mitumba anahangaika na karo. Anayeuzia mahoteli ya Pwani samaki na mboga asijifunge kulipa Aprili au Mei, wakati masika yamewafukuza wageni. Sioni sababu ya kumfuata jirani katika hili. Fungua daftari la mwaka uliopita, utazame ni mwezi gani pesa zilitulia mkononi.

Serikali nayo ililiona tatizo la mkupuo, ndipo mwaka 2025 ikaja na mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo unakopeshwa mchango wa mwaka, SHA inalipwa, nawe unarejesha kidogo kidogo. Ni afadhali kuliko kukaa bila bima. Hata hivyo, huo ni mkopo, na mkopo una gharama yake. Uliza jumla utakayorejesha ni kiasi gani, ulinganishe na kujitengea mwenyewe.

Je, unapata nini? Katika zahanati na vituo vya afya, yaani viwango vya 2 na 3, huduma ya msingi hulipiwa na mfuko mwingine wa serikali, na aliyejisajili huipata hata kama hajalipa mchango. Mchango wako unaanza kuhesabika unapolazwa au kufanyiwa upasuaji. Kwa bei zilizochapishwa, SHA hulipa Sh3,360 kwa siku katika hospitali ya kiwango cha 4, Sh3,920 katika kiwango cha 5 na Sh4,480 katika kiwango cha 6. Kujifungua kwa kawaida ni Sh10,000 na kwa upasuaji Sh30,000. Hospitali ya kibinafsi ikidai zaidi ya hapo, ziada ni yako. Ukienda hospitali kubwa kwa matibabu ya kawaida bila kulazwa, jiandae kutoa pesa mfukoni. Na siku ambazo duka limefungwa kwa sababu mwenyewe yuko wodini hazilipwi na yeyote, kwa hiyo akiba ya kodi ya kibanda ya miezi miwili au mitatu bado ni ya lazima.

Mwenzi wako na watoto wamo katika mchango huo mmoja. Wazazi hawamo, wanajisajili na kutathminiwa peke yao, na nawafahamu wateja kadhaa ambao wanawalipia wazee wao Sh3,600 kwa mwaka, gharama ambayo ni nafuu kuliko harambee yoyote ya bili ya hospitali niliyowahi kuchangia. Ndugu wawili wanaoendesha duka moja nao, kila mmoja akiwa na kaya yake, wanalipa kila mmoja kivyake.

Kuhusu kodi, tangu marekebisho yaliyoanza tarehe 27 Desemba 2024, mchango wa SHA unaondolewa katika mapato kabla ya kukokotoa kodi. Tatizo ni kwamba wafanyabiashara wengi wadogo wako kwenye kodi ya mauzo ya asilimia 3, inayowahusu wenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka, na kodi hiyo hupigwa juu ya mauzo ghafi bila kuondoa chochote. Tuseme yule mfanyabiashara wetu anauza bidhaa za Sh1.5 milioni kwa mwaka na kubakiwa na faida ya Sh300,000. Kodi ya mauzo ni Sh45,000, alipe SHA asilipe. Akiwa katika kodi ya kawaida ya mapato, baada ya nafuu ya mtu binafsi ya Sh28,800, angedaiwa Sh3,000, na akiondoa mchango wake wa Sh8,250 deni lingeshuka hadi Sh937.50. Aliye na bima ya kibinafsi pia angepata nafuu ya asilimia 15 ya ada anayolipa, isiyozidi Sh60,000 kwa mwaka, ambayo mlipaji wa kodi ya mauzo haioni.

Sheria inaruhusu kuomba kwa maandishi kutolewa katika kodi ya mauzo, lakini usikimbilie. Katika kodi ya kawaida, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, haikubaliwi, na anayenunua mzigo wake sokoni kwa mtu asiyetoa ankara atajikuta akitozwa kodi juu ya faida ambayo hakuipata. Wanaofaidika ni wale ambao wauzaji wao wa jumla tayari wanatoa ankara hizo.

Mwisho ni kwa wenye wafanyakazi. Msaidizi wako wa duka anayepokea Sh15,000 kwa mwezi anakatwa Sh412.50, nawe unaziwasilisha kabla ya kupita tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Tofauti na ushuru wa nyumba, hapa mwajiri haongezi sehemu yake. Wewe mwenyewe, kama biashara ni jina tu lililosajiliwa, huwezi kujikata mshahara. Unachotoa ni matumizi yako. Kama ni kampuni na wewe ni mkurugenzi anayelipwa mshahara, unaingia katika makato ya kila mwezi kama mfanyakazi mwingine yeyote, na habari ya mkupuo haikuhusu. Kwa mshahara wa Sh40,000 hiyo ni Sh1,100 kwa mwezi, Sh13,200 kwa mwaka, hivyo kabla ya kusajili kampuni kwa sababu hiyo pekee, jumlisha pia gharama ya marejesho ya kila mwaka na ya mhasibu wa kuyaandaa.