Degedege likishapita: Panadol na dawa za presha zimejaribiwa kazi nyingine

Mgonjwa wa kifafa akija kliniki tunahesabu kuanguka, daktari mwezi huu nimeanguka mara mbili, na sisi tunaandika hiyo mbili kwenye faili biashara imeisha. Sasa muulize mama au mke aliyemsindikiza. Atakwambia kutupa miguu kwenyewe ni dakika moja au mbili tu, kazi inaanza baada ya hapo, maana mtu anafumbua macho hakujui, anataka kutoka nje, ukimzuia anakuwa mkali, maneno hayatoki, wengine mkono upande mmoja hauinuki kabisa, halafu kichwa kinauma na analala mpaka jioni. Siku nzima imeenda kwa degedege la dakika mbili, na kwenye faili hamna hata mstari.

Hayo mambo si mapya, huko kupooza kwa muda daktari wa London Robert Bentley Todd alishakuandika tangu 1849. Maelezo tuliyofundishwa wengi wetu ni kwamba seli za ubongo zimechoka, basi, kama mtu aliyetoka kukimbia. Mimi binafsi hayo maelezo hayajawahi kuniingia, mbona misuli yenyewe inapata nafuu mapema ila mtu bado hajui yuko wapi?

Mwaka 2016 maabara ya Cam Teskey kule Calgary, Kanada, wakaja na kitu cha maana. Waliweka kipimo cha oksijeni ndani ya ubongo wa panya, kwenye hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, halafu wakamwanzishia degedege. Degedege likaisha, na baada ya hapo oksijeni ikaporomoka chini ya 10 kwa vipimo vya milimita za zebaki, ikakaa huko zaidi ya saa nzima. Hiyo 10 ni hatari, ni kiwango ambacho ubongo unaanza kuumia. Sababu ni mishipa midogo ya damu kubana. Degedege linaamsha kimeng'enya kinaitwa COX-2, na ukuta wa mshipa unaingiza kalsiamu nyingi, unakaza, damu inapita kidogo.

Ukisikia COX-2 na kalsiamu, mfamasia yeyote anajua dawa zake ziko shelfu gani. COX-2 ndiyo inayozuiwa na ibuprofen, ile ya maumivu, Panadol nayo inaigusa, na kalsiamu kwenye mishipa ndiyo kazi ya nifedipine, ile ya presha. Wakawapa panya hizo dawa kabla ya degedege, na hapa ndo pananifurahisha mpaka leo, degedege lilikuja vilevile, urefu uleule, ila oksijeni haikuanguka na panya hakupata ule upotevu wa kumbukumbu wala udhaifu wa misuli. Yaani kumbe degedege na kile kinacholifuata unaweza kuvitenganisha!

Kwa binadamu shida ni moja tu, dawa inatakiwa iwe mwilini KABLA, na nani anajua ataanguka saa ngapi? Waholanzi wa hospitali ya Rijnstate, Arnhem, wakapata njia nzuri, wakaenda kwa wagonjwa wa sonona kali wanaotibiwa kwa umeme wa kichwa. Pale mgonjwa anapigwa nusukaputi na degedege linaletwa makusudi, saa inajulikana, kwaiyo kila mgonjwa kwa zamu alipewa kabla ya tiba paracetamol miligramu 1000 (Panadol mbili za kawaida hizo), siku nyingine nimodipine 60, siku nyingine maji tu ya kulinganishia, halafu wakapima mawimbi ya ubongo na muda aliochukua mpaka ajitambue. Nimodipine ni ndugu yake nifedipine, tunaitumia kwa waliovuja damu kwenye utando wa ubongo.

Sasa najua kuna mtu ameshafungua droo ya dawa. Subiri kwanza ndugu yangu. Huku kwetu wagonjwa wengi wanatumia dawa za kifafa phenobarbital, carbamazepine au phenytoin, na hizi tatu zinaamsha ini lichakate dawa nyingine haraka. Nimodipine au nifedipine ukimeza juu yake inaweza kuisha kabla haijafanya chochote, na Panadol ikizidi dozi sumu yake kwenye ini inaongezeka. Ibuprofen kila siku miaka na miaka nayo ni vidonda vya tumbo na figo. Na yule aliyetoka kuanguka sasa hivi usimpe kidonge wala maji mpaka azinduke vizuri, atapaliwa, mlaze ubavu umwache apumue. Halafu phenobarbital yenyewe inaleta usingizi, kwaiyo kabla hujalaumu kifafa kwa kulala mpaka jioni ongea na daktari wako aangalie dozi.

Ukiniuliza mimi wa kujaribiwa wanaofuata wawe kina nani, ningeanza na wanawake ambao degedege zao zinafuata hedhi. Wao siku wanazijua, tarehe wameandika kwenye simu, na wengi siku hizohizo wanameza ibuprofen kwa ajili ya maumivu ya tumbo la hedhi. Anayekuja kliniki kwangu sa hivi namwambia aandike vitu viwili, tarehe aliyoanguka na muda uliopita mpaka akaweza kutaja jina lake, mahali alipo na leo ni siku gani.