Gego likioza ubavuni, mswaki hauna habari

Swali naloulizwa sana na wagonjwa ni hili: daktari, mi napiga mswaki asubuhi na usiku, sasa hili gego limetoboka lini? Na huwa wanauliza kwa uchungu, wengine wanahisi kama nimewaambia ni wachafu. Sivyo kabisa. Magego yamebanana ubavu kwa ubavu na mswaki hauingii pale katikati hata usugue vipi, bakteria wanakaa hapo wanakula sukari wanatoa asidi, na asidi ikizidi madini ya jino yanaanza kuyeyuka kidogo kidogo. Mara nyingi kuoza kunaanzia chini kidogo tu ya pale meno yanapogusana.

Kibaya zaidi ni kwamba haliumi. Ganda la nje la jino halina mishipa ya fahamu, kwahiyo unaweza kukaa hata miaka jino linaliwa na wewe huna habari. Dalili za mwanzo ni ndogo ndogo, chakula kinaanza kunasa sehemu moja ileile kila ukila, uzi wa meno, ule wa kusafishia katikati ya meno, unachanika ukipita hapo, au kitu kitamu kinakuchoma kidogo. Ukifika kwenye maumivu ya kukuamsha usiku ujue tumeshachelewa, mara nyingi hapo kiini cha jino ndo kimeshavimba na tunazungumzia kutibu mzizi au kung'oa.

Mimi nikiangalia kwa kioo naanza kwa kukausha jino kwa hewa, maana jino likiwa na mate linaficha mengi. Nikiona kivuli cha kijivu chini ya ukingo wa gego, nashtuka. Namulika pia taa kali kutoka pembeni, sehemu iliyooza inaonekana nyeusi kwa sababu mwanga haupiti vizuri. Lakini kinachonisaidia kuliko vyote ni eksirei ya kung'ata, ile unabana kijiti kwa meno na picha inatoka na magego ya juu na ya chini pamoja. Mionzi yake ni midogo sana, ila mjamzito aseme mapema tu.

Sasa hapa ndipo natofautiana na baadhi ya wenzangu, na nasema wazi: sio kila kivuli kwenye eksirei kinahitaji mashine. Kama kimeishia kwenye ganda la nje na uso wa jino haujabomoka, naacha. Nampaka floraidi, namfundisha kutumia uzi, tunaangalia tena baada ya muda, na vingi vinasimama hapohapo. Kuna pia utomvu maalum unaopenya kwenye sehemu iliyolainika ukaiziba bila kuchimba chochote. Nikiwa na wasiwasi kama pametoboka au la, naweka kiraba kidogo katikati ya magego, kikikaa siku chache yanaachana kidogo, nachungulia kwa macho yangu. Jino ukishalichimba halirudi, ndo maana sina haraka.

Kama kuoza kumeshaingia ndani na pametoboka kweli, hapo tunaziba. Ganzi kwanza, natoa kilichooza, halafu inakuja kazi ngumu ambayo mgonjwa haioni: kurudisha ule ubavu. Nazungushia kibati chembamba, nachomeka kabari chini ili dawa isimwagikie kwenye fizi, na nahakikisha gego nililoziba linagusana na jirani yake barabara, likiacha nafasi chakula kitashindiliwa hapo kila siku na fizi itaanza kutoka damu.

Kwa watoto naenda haraka zaidi kwa sababu magego ya utotoni yana ganda jembamba na kiini kiko karibu, kivuli cha leo kinaweza kuwa jipu baada ya miezi michache.

Ukishazibwa, ganzi ikiisha pitisha uzi hapo taratibu. Uzi unatakiwa kuingia kwa kubana kidogo na kutoka mzima. Ukichanika, au ukipita bila kugusa kitu, rudi kwa daktari wako akarekebishe, usione aibu.