Kwa nini homa ya papasi hukuacha, kisha ikakurudia?

Mtu amerudi Dar es Salaam kutoka msibani, kijijini huko Dodoma. Wiki moja baadaye homa inampanda ghafla, kichwa kinagonga, viungo vyote vinauma, anatetemeka. Dukani anauziwa dawa mseto ya malaria. Siku ya tatu homa inashuka, dozi nayo imekwisha, basi sifa zote zinakwenda kwa dawa. Baada ya siku saba hivi homa ileile inarudi, na nyumbani wanaanza kusema ni malaria sugu. Huenda haikuwa malaria hata mara ya kwanza.

Homa ya papasi, yule kupe anayejificha ndani ya nyumba, huletwa na Borrelia duttonii, bakteria mwembamba aliyejisokota. Ni ndugu wa Borrelia burgdorferi, yule wa ugonjwa wa Lyme uliopata jina lake kwenye mji wa Lyme, Connecticut, nchini Marekani. Lyme huenezwa na kupe wa misituni anayeng'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa, na kwa kawaida humchukua zaidi ya siku nzima kuambukiza. Papasi hana subira hiyo. Hutoka usiku kwenye nyufa za ukuta na sakafu ya udongo, hunyonya kwa nusu saa au chini ya hapo, kisha hurudi mafichoni. Dakika chache tu zinamtosha kuambukiza, kwa mate yake na kwa majimaji anayoyatoa karibu na miguu, ambayo aliyeumwa huyasugua kwenye jeraha anapojikuna. Kwa kuwa haumi kwa maumivu makali na asubuhi hayupo, kumuuliza mgonjwa kama aliumwa na papasi ni kupoteza muda. Muulize alilala wapi.

Sasa, kwa nini homa inarudi? Kinga ya mwili humtambua bakteria kwa protini zilizo juu yake, ambazo ni kama vazi. Ndani ya siku chache kingamwili, yaani silaha za kinga hiyo, zinakuwa tayari, bakteria wanateketezwa kwa wingi, mgonjwa anatoka jasho jingi na homa inaporomoka. Lakini Borrelia ana akiba ya mavazi mengine kwenye jeni zake, na kila kizazi huwa na wachache waliokwisha kubadili. Hao kingamwili haziwajui. Huzaliana kimya kimya kwa wiki moja hivi huku mtu akijiona amepona, kisha homa inaanza upya, na inaweza kurudi mara kadhaa. Homa ya kwanza mara nyingi huchukua siku tatu hivi hata bila dawa yoyote, muda uleule wa dozi ya dawa mseto. Hapo ndipo wengi hudanganyika.

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu ya kidole, hakiwezi kumwona Borrelia, maana kinatafuta protini za kimelea cha malaria tu. Omba damu ipimwe kwa hadubini: tone nene lililotiwa rangi ya Giemsa, na damu itolewe homa ikiwa juu, kabla ya kumeza antibiotiki. Homa ikishashuka bakteria huwa wachache mno. Mwambie pia mtaalamu wa maabara kwamba mnashuku papasi. Aliyezoea malaria hutafuta kimelea kinachokaa ndani ya chembe nyekundu, ilhali Borrelia hukaa nje, katikati ya chembe. Na kukutwa na malaria hakumwondoi papasi. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Tiba ni rahisi. Mtu mzima kwa kawaida hupewa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 7 hadi 10. Mjamzito na mtoto mdogo daktari huwachagulia nyingine, mara nyingi erithromaisini. Dozi ya kwanza imezwe kituoni, si nyumbani. Bakteria wakifa kwa pamoja, saa chache baadaye mgonjwa hutetemeka vibaya, joto hupanda, na presha inaweza kushuka. Ndugu husema dawa imemkataa, wakaiacha. Anachohitaji ni kuangaliwa kwa saa kadhaa, apewe maji, kisha aendelee na dozi. Mjamzito asicheleweshwe kabisa: homa hii huharibu mimba na huua vichanga.

Robert Koch, mtafiti wa bakteria kutoka Ujerumani, alipofika Dar es Salaam mwaka 1905 na kuwachunguza papasi wa kwenye kambi za misafara ya bara, aliwakuta bakteria hata ndani ya mayai yao. Papasi huweza kuzaliwa na maambukizi, tena hukaa miaka bila kula. Ndiyo maana usiione nyumba iliyofungwa muda mrefu kuwa salama eti kwa sababu haikulaza mgonjwa.

Ukilala kwenye nyumba ya tembe, usilale chini. Sogeza kitanda mbali na ukuta na uchomeke chandarua chenye dawa chini ya godoro pande zote. Kabla ya kurudi mjini, kung'uta mikeka na matandiko, uyaanike juani. Mwenye nyumba azibe nyufa, apige plasta, asakafie kwa saruji, na kuku wasilale chumbani. Kule Mvumi, Dodoma, nyumba zilipopuliziwa dawa ya wadudu iitwayo lambda-saihalothrini, homa ilipungua kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Dawa ifike kwenye nyufa, chini ya kuta na sakafuni. Anayepulizia katikati ya ukuta tu anafukuza mbu.

Kupe wa ng'ombe na wa porini ni jambo jingine: huyo utamkuta bado ameng'ang'ania. Mkamate kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute wima polepole bila kumzungusha. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma. Ukipata homa pamoja na kigaga cheusi pale alipouma, mwonyeshe daktari kigaga hicho kabla hajaandika dawa yoyote.