Protini za mifereji hazisukumi kitu

Mwezi huu nimesikia mara tatu kwamba protini za mifereji "zinasukuma" chumvi kuingia ndani ya seli. Mara ya tatu alikuwa mwalimu mwenzangu, chaki mkononi, kidato cha tano wakinakili. Binti mmoja wa dawati la nyuma aliuliza, "Mwalimu, kwani hazipiti zenyewe?" Akaambiwa akae. Nikanyamaza, maana mwenzako humsahihishi mbele ya watoto. Sasa nasema.

Maana kwanza, haraka. Utando wa seli ni matabaka mawili ya mafuta, na ioni, yaani chembe yenye chaji ya umeme kama sodiamu au potasiamu, haipenyi kwenye mafuta. Protini ya mfereji imeuvuka utando huo toka upande hadi upande, ikiwa na tundu katikati. Ioni au maji hupita humo vikitoka kulikojaa kwenda kulikopungua. Kwa ioni, umeme wa utando nao una sauti katika kuamua mwelekeo. Seli hailipii safari hiyo.

Nadhani kosa linaanzia kwenye neno lenyewe. Mkenya akisikia "maji ya mfereji" anaona bomba, na nyuma ya bomba mara nyingi kuna mashine. Mfereji ninaoufahamu mimi ni ule wa Kilimanjaro, ambao Wachagga huuita mfongo. Mwenye zamu anaondoa udongo na vigogo vya mgomba vilivyoziba, maji yanateremka hadi kihambani, shamba la nyumbani. Tone hata moja hakulisukuma. Kafungua tu, mteremko ukafanya kazi. Mifereji mingi ya seli ina lango la namna hiyo: mingine hufunguliwa na badiliko la umeme, mingine na kemikali inapojishika.

Kusukuma ni kazi ya pampu. Ile ya sodiamu na potasiamu, aliyoieleza mwanasayansi Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957, hutumia molekuli 1 ya ATP, kemikali inayoipa seli nishati, kutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, zote zikipandishwa mlima. Ndiyo maana ni ya polepole: kwa sekunde haifikishi ioni elfu moja, ilhali mfereji mmoja wa potasiamu hupitisha kama milioni 100.

Kubeba nako ni kwingine. Protini inayobeba glukosi hufunguka upande mmoja, huipokea, hujikunja, kisha hufunguka upande wa pili. Haiwi wazi pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Wala kupitisha si kuacha lango wazi kwa kila mpita njia. Ioni ya sodiamu ni ndogo kuliko ya potasiamu, lakini kwenye mfereji wa potasiamu hiyo ndogo ndiyo inayokwama! Umbo la mfereji kama huo, lililochorwa na mwanasayansi Roderick MacKinnon na wenzake mwaka 1998, lilionyesha kwa nini. Ioni hutembea imevaa maji, na ili ipite hapo lazima iyavue. Kuta za tundu zina atomi za oksijeni zilizopangwa kwa nafasi inayoitosha potasiamu barabara, zikishika pahala pa maji yale. Sodiamu haizifikii vizuri. Ikivua maji yake haipati cha kuifidia, basi inabaki nje.

Yuko mkorofi mmoja, mfereji wa kloraidi uitwao CFTR, na huu kweli hutumia ATP. Lakini ATP hiyo ni ya lango, si ya kusukumia kloraidi. Ndio huohuo ambao sumu ya kipindupindu huufanya usifungike, kloraidi ikamwagika utumboni na maji yakaifuata.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kwa chaki ileile: futa "husukuma", andika "hupitisha". Na ukiingia Jumatatu, yule binti wa dawati la nyuma mwombe aulize tena.