Dawa mchanganyiko ya glakoma: kichupa kimoja au viwili?

Mgonjwa wa glakoma, au presha ya macho kama wengi tunavyoiita, kwa kawaida huanzishiwa dawa moja ya matone. Presha isiposhuka vya kutosha, daktari huongeza ya pili. Anaweza kumpa vichupa viwili, kila kimoja na dawa yake, au kimoja ambacho dawa hizo mbili zimeshachanganywa kiwandani. Hicho ndicho dawa mchanganyiko.

Mchanganyiko wa siku nyingi ni wa dorzolamidi 2% na timololi 0.5%. Zote hupunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho, kila moja kwa njia yake. Katika ule wa latanoprosti na timololi, timololi hupunguza maji na latanoprosti huyasaidia kutoka.

Wengi hudhani mchanganyiko ni dawa kali zaidi. Sivyo. Vichupa viwili vikitumiwa sawasawa, presha hushuka kwa kiwango kinachokaribiana. Shida iko kwenye huko kuvitumia sawasawa. Jicho haliwezi kubeba hata tone moja zima, kwa hiyo ukidondosha la pili papo hapo, linaliosha la kwanza na yote huishia shavuni. Inabidi usubiri walau dakika 5, asubuhi na jioni, miaka nenda miaka rudi, kwa ugonjwa ambao mara nyingi hauumi. Nani hatachoka? Dorzolamidi na timololi kila moja mara mbili kwa siku ni matone manne kwa kila jicho. Zikichanganywa ni mawili tu. Kihifadhi kilichomo kwenye dawa, ambacho huwakera wengine macho, nacho hupungua.

Lakini macho yakiwa mekundu au yakiwasha, ni vigumu kujua dawa ipi imeleta balaa, wala huwezi kuacha moja ukabaki na nyingine bila kubadilishiwa kichupa. Halafu kuna bei. Kwa maoni yangu, vichupa viwili unavyovimudu kila mwezi ni afadhali kuliko kimoja cha kununua mwezi huu na kukikosa ujao.

La kuangaliwa zaidi ni timololi, kwa sababu imo katika michanganyiko mingi. Sehemu yake hupitia puani na kuingia kwenye damu. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua, na mapigo ya moyo yanaweza kupungua. Mtu wa namna hiyo amweleze daktari mapema, maana upo mchanganyiko usio na timololi, wa brinzolamidi na brimonidini.

Hatari nyingine hutokea nyumbani. Mtu amepewa mchanganyiko, na kile kichupa chake cha zamani cha timololi hakijaisha. Anaona hasara kukitupa, anatumia vyote viwili, na timololi inakuwa maradufu bila yeye kujua. Ukibadilishiwa dawa, beba vichupa vyote ulivyonavyo uende navyo kliniki, uonyeshwe kipi kinaachwa.